Kamba ya Mtu Haikatwi

Nani alifunga fundo la kwanza? Nauliza, na sitaki kujibiwa kwamba ni babu zetu. Kila uchafu wa mji huu hutupwa mlangoni kwa babu zetu, nao wamelala chini ya udongo, hawawezi kutoka kuja kukanusha. Mimi namuuliza yule mmoja aliyekaa siku moja akamtazama kiumbe anayepumua kama yeye, anayeogopa radi kama yeye, akasema: huyu ni wangu, na ili ajue kwamba ni wangu nitamtia kamba shingoni. Nataka kumjua huyo. Nataka kujua kama baada ya hapo alikula akashiba, na kama mkewe alimtazama usoni.

Nina hasira. Naliweka hilo mbele asije mtu akasema hakuambiwa. Wako wanaosimulia kimbunga kwa machozi wakaonekana watu wema, na wako wanaosimulia kwa kumshukuru Mungu kwamba walipona wao. Machozi yangu mimi yaliishia kule chini, kwenye mashine ya kusaga, na kilichobaki ni hiki.

Upepo ulikuja mchana ukaondoka mchana, au pengine haukuondoka, maana tangu siku ile jua limekwama pale linapokuwa watu wakitoka kuswali alasiri, na kivuli changu hakijarefuka wala kufupika. Juu ya Kilima, tulikokimbilia maji, hakuna jana. Mtu akiamka anaamkia siku ileile, anapanga foleni ileile ya uji, anasikia hotuba ileile, na akilala anajifunika alasiri usoni. Hata majina yalipeperushwa. Nimeitwa Shamte, nimeitwa Kombo, nimeitwa wewe hapo, na kote nimeitika, kwa sababu jina langu mwenyewe nikilitafuta kinywani sikuti kitu ila ladha ya chumvi. Hilo sikulionea uchungu. Mtu asiye na jina hana pa kushikwa.

Chini ya Kilima, Mji ulikuwa umelala majini. Zilionekana paa, ncha za nyua, na jukwaa la mashine ya kusaga lililojengwa juu ili magunia yasiloe. Kutoka huko zilipanda sauti. Ng'ombe. Mbuzi. Mbwa waliobweka mpaka wakabakiwa na mkoromo. Punda. Nasi watu wa Kilima tulikuwa tumekaa juu ya mikeka ya msaada, tunapuliza uji, tunasikia. Mtu akisema, "Huyo kama ng'ombe wa kwa kina Mwanaharusi," mwenzake anajibu, "Ndiye. Sauti yake hiyohiyo, hajabadilika." Basi. Wanarudi kwenye uji.

Lazima nieleze, maana anayesoma haya huenda anatoka mahali penye akili. Kwetu kila nyumba ina fundo lake. Mama humfundisha mtoto fundo la nyumba kabla hajamfundisha kunawa. Mnyama hufungwa kwa fundo hilo, na hufunguliwa kwa mkono wa nyumba hiyo tu; mtu wa nje haligusi, hata kwa wema. Kulikata ni kubaya kuliko wizi, kwa kuwa mwizi huchukua kitu kimoja akaenda zake, lakini mkata kamba ameivunja nyumba nzima. Kamba ya mtu haikatwi. Hayo ndiyo maneno ya kwanza tuliyoyaimba tukiwa watoto, kabla hatujajua kamba ni nini wala mtu ni nani. Na mnyama akionekana hana fundo, basi hana mwenyewe, na asiye na mwenyewe ni wa Kilima. Kwa hiyo upepo ulipotangazwa watu hawakufungua. Walikaza. Kila mmoja aliuzunguka uwanja wake akaongeza fundo juu ya fundo, kwa mapenzi, akimpapasa mnyama shingoni na kumwambia, tulia, hutapotea. Kisha mashua za Kilima zikaja, zikasema watu tu, wanyama baadaye. Watu wakapanda roho zao zimetulia, kwa sababu kila walichokipenda kilikuwa kimefungwa vizuri.

Mwenye Kilima anaitwa Mlezi. Hatujapata kumwona. Tunayo sauti yake, inatoka kwenye kipaza sauti kilichotundikwa juu ya lango, sauti laini ya mtu aliyekwisha kula. "Wananchi wapendwa, mali zenu ziko salama. Zimefungwa." Watu wanapiga makofi. Huku makofi yanalia, huko chini mbuzi analia, na mtu huyohuyo anapiga makofi na kusikiliza mbuzi wake.

Tausi wa Mlezi walipanda mashua ya kwanza. Niliwaona kwa macho yangu, wametangulia mbele ya wanawake wajawazito, mikia yao imekunjwa vizuri isilowe. Na hawakuwa na kamba. Hawajapata kuvaa kamba tangu waanguliwe. Wanatembea Kilimani watakavyo, wanadonoa uji vibakulini mwetu, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuuliza tausi hawa ni wa nani. Kila mtu anajua. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu kuhusu mafundo yetu matukufu, wala sikukielewa kwa upole. Ikiwa kinachokuwa cha mtu ni kile kilichofungwa, mbona cha mwenye nguvu hakifungwi na bado ni chake? Na ikiwa kamba haina kazi kwa tausi, kazi yake kwa mbuzi wangu ni ipi? Nasema mbuzi wangu, lakini sina mbuzi. Sina hata kuku. Hasira yangu haikuwa na mali ya kuitetea, ndiyo maana ilikuwa nyingi.

Aliyekuwa na mali alikuwa Sikudhani. Huko chini alikuwa jirani yangu, mjane wa rafiki yangu Mbaruku, na mimi naye tunaitana shemeji. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, lakini tangu tupande Kilima alikuwa hasemi. Alikaa ameelekeza sikio upande wa mashine ya kusaga. Kule kwenye jukwaa alikuwa amemfunga punda wake kabla ya upepo, mahali palipoinuka kuliko pote, akidhani amemweka salama.

Punda huyo jike anaitwa Mtachoka. Jina hilo alipewa na Mbaruku, kwa ajili ya majirani waliosema kwamba maskini yule hatapata hata jogoo wa kumwamsha; ndivyo tunavyowapa wanyama majina, tunawasemea kwao yale tusiyothubutu kuyasema uso kwa uso. Asubuhi moja Mbaruku alimvika Mtachoka kamba mpya ya shingo, akaifunga fundo la nyumba yake, akaingia ndani kunywa chai, akafa na kikombe mkononi. Fundo lile halikufunguliwa tena. Sikudhani alikuwa akimfungua punda kwenye nguzo tu. La shingoni aliliacha, akilipaka mafuta lisioze, kwa sababu ndicho kitu cha mwisho ambacho mkono wa mumewe ulikifanya duniani. Nimemwona zaidi ya mara moja akiweka kiganja chake juu ya fundo lile na kusimama tu.

"Shemeji," aliniambia siku ile ambayo ndiyo siku zote, "unamsikia?"

"Namsikia."

"Sauti imebadilika. Pumzi inapita kwa tabu. Kamba ya mkonge ikilowa inakaza, shemeji. Ile ya shingoni inamnyonga."

"Basi twende."

"Twende, lakini usikie. Nitamfungua. Sikati. Hata iweje, fundo la Mbaruku silikati."

Niliinuka.

Njia ya kutoka Kilimani ni moja, lango la nondo la milango miwili, na hupiti bila kitambaa cha kijani mkononi, cha Kikosi cha Uokoaji. Ndiyo, tulikuwa na Kikosi cha Uokoaji. Waliteremka kila siku, kama siku ingekuwapo, wakarudi wamelowa mpaka kifuani, na Mlezi akawasifu kwenye kipaza sauti, na watu wakawapokea kwa vigelegele. Walirudi mikono mitupu. Nilikuwa sijajiuliza waliokoa nini.

"Kombo," askari wa lango aliniambia huku akinifunga kitambaa, "wewe huna hata kuku. Kiherehere cha nini?"

"Nakwenda kutafuta jina langu," nikamwambia.

"Ukiliona, ulifunge," akasema, akacheka sana, akatufungulia.

Chombo chetu kilikuwa nusu tangi, tangi la maji la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, na kasia lilikuwa chaga ya kitanda cha mtu. Tuliingia Mji kwa juu, tukipita kando ya madirisha. Siwezi kusimulia yote niliyoyaona, na mengine nayaacha kwa sababu ya hasira na si kwa sababu ya huruma. Nitasema hili tu: waliokufa walikuwa mwisho wa kamba. Waliolegezwa kidogo, wale waliofungwa na wavivu, na walevi, na watoto waliokuwa na haraka ya kwenda kucheza, walikuwa hai, wamesimama juu ya paa na vifusi, wanatukodolea macho. Waliopendwa sana ndio waliokufa. Unaona uwanja, unaona kigingi cha chuma kimechimbiwa ardhini kwa bidii, unaona kamba imenyooka wima kutoka chini ya maji, na juu yake kimeelea kiumbe kilichoambiwa hutapotea. Na kweli, hakikupotea.

Pembeni ya ukuta wa bohari tulimkuta Chande, mkuu wa Kikosi. Ni mtu mwema. Naliandika neno hilo nikisaga meno, lakini ni mtu mwema, hata watoto wa Mji humkimbilia. Alikuwa amesimama majini mpaka kifuani, na mbele yake mbuzi mweusi amefungwa kwenye dirisha la bohari, maji yakimfika shingoni, kichwa amekiinua juu akijaribu kuyakwepa. Chande alikuwa anamlisha. Alishika kisu kikali cha kukatia majani, anakata majani mabichi kutoka kwenye mzigo aliojitwika kichwani, anampa mbuzi mdomoni, taratibu, akimsemesha.

"Kula, mama. Kula upate nguvu."

Nilisimamisha kasia. "Chande. Unafanya nini?"

"Karibuni, karibuni. Tunaokoa. Huyu ni wa tatu kwangu leo, wengine walikataa kula." Kisha akamwona Sikudhani. "Pole, dada. Punda wako tumempitia. Hakutaka majani."

"Hakutaka, au hayapiti?" Sikudhani akauliza.

Chande akatazama maji.

"Kisu unacho mkononi," nikamwambia.

"Ninacho."

"Kamba iko mbele yako."

"Si yangu." Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemwomba avue nguo sokoni. "Huyu ni wa kwa Bi Fatu, tazama fundo lake. Nimemtumia Bi Fatu salamu aje amfungue mwenyewe. Ana homa, lakini ameahidi, akipata nafuu tu."

"Maji yanapanda, Chande."

"Nayaona. Unadhani hainiumi? Mimi huwa naondoka hapa nalia. Lakini ndugu yangu, nikikata, kesho nitamtazamaje Bi Fatu? Na mbuzi akishakuwa hana fundo, si atakuwa wa Kilima? Nitakuwa nimemwibia mara mbili. Bora afe ni wake."

Bora afe ni wake. Hayo maneno aliyasema kwa sauti ya upole, akiwa na macho mekundu kwa kulia, na mkono wake bado unakata majani. Nilimchukia kuliko nilivyopata kumchukia Mlezi. Mlezi anajua anachokifanya. Huyu angekaa pale mpaka pembe za mbuzi zizame, kisha angeliacha jani la mwisho lielee juu yake, arudi apigiwe vigelegele. Na nyuma yake yuko mji mzima wa watu wema kama yeye.

Nilichomoa kisu changu kiunoni nikaikata kamba ya Bi Fatu.

Nisikilizeni sasa, maana hapa ndipo alasiri ilipochanika. Kamba ilikuwa nyembamba, kukata kwake si kazi, lakini kisu kilipogusa uzi wa kwanza nilikuwa mtoto naimba na wenzangu, kamba ya mtu haikatwi, na mwalimu anatupigia mdundo kwa fimbo. Uzi wa pili nilikuwa bwana harusi, mama mkwe ananifunga kitambaa kiunoni kwa fundo la nyumba yao. Uzi wa tatu nilikuwa mzee nisiyemjua. Halafu nikawa mbuzi. Nasema nilivyoona. Mimi ni mbuzi na maji yako kidevuni. Mbele yangu kuna mtu mwenye kisu. Ananipenda. Ana majani. Nakula kwa sababu nina njaa. Nakula na maji yanaingia. Mtu huyu ana mikono miwili, mmoja wa kisu na mmoja wa majani, na sijui kwa nini haijawahi kukutana. Nikimlilia ananiita mama. Nikinyamaza anasema nimetulia. Ni nani huyu? Ni nani amemfunga?

Kamba ikakatika, nikawa mimi tena, na mbuzi yuko ndani ya nusu tangi anatetemeka juu ya miguu yangu. Nilijishika shingo. Ilikuwa inawasha.

"Umemuua Bi Fatu," Chande akasema.

"Mbuzi ni mzima."

"Nitasema. Siwezi kusema uongo, unanijua. Wakiniuliza nitasema." Alikuwa analia waziwazi, akauweka sawa mzigo wa majani kichwani, akageuka kupanda Kilimani. Hakugeuka nyuma. Alitembea haraka, kwa mara ya kwanza tangu kimbunga akiwa na jambo la dharura.

Mtachoka alikuwa amesimama kwenye jukwaa la mashine ya kusaga, maji yamemfika tumboni, kichwa amekishusha. Hakutulilia. Kwato zake zilikuwa zimechimba unga uliolowa ukawa ugali mweupe chini ya miguu yake. Sikudhani aliruka kutoka kwenye tangi kabla sijalifikisha, akamkumbatia, akamfungua kwenye nguzo kwa kuvuta mara moja. Fundo lile lilikuwa lake na lilimtii. Lakini la shingoni lilikuwa limevimba, limeingia kwenye manyoya, na pembeni yake ngozi imechanika. Pumzi ya punda ilitoka kwa mlio mwembamba, ikikatika.

Sikudhani alianza kulifungua. Alitumia vidole, akatumia meno, akatumia kijiti. Alimsemesha punda, akamsemesha Mbaruku, akamtukana Mbaruku kwa kukaza namna ile. "Ulikuwa na haraka gani na hiyo chai?" Kucha zake zilivunjika. Punda alipiga magoti, maji yakamfika kifuani, na ulimi ukatoka. Nilimnyooshea Sikudhani kisu, mpini ukiwa upande wake.

Aliupiga mkono wangu. "Unafurahi wewe! Umekuja kwa hili!"

"Shemeji, anakufa."

"Wewe huna cha kukata, ndiyo maana kisu chako ni chepesi! Mimi nikikata hapa nabaki na nini? Niambie, nabaki na nini? Nguo zake zilikwenda na maji. Kaburi lake limekwenda na maji. Kuna hiki!" Alilishika fundo kwa mikono miwili, na mikono ile, bila yeye kukusudia, ilizidi kulivuta na kumnyonga punda.

Nami nilikuwa na hasira na kila kitu, na upepo, na Mlezi, na wote waliosimama Kilimani wakipuliza uji, lakini sikuweza kumkasirikia yeye. Nilitaka na sikuweza. Nilimwambia tu kilichokuwa kweli. "Mkono wa Mbaruku ndio unaomnyonga."

Alinitazama. Kisha akamtazama punda, na nadhani aliona nilichokiona mimi, maana wakati ule nyuso zilichanganyika na sikujua tena ni yupi kati yetu aliyekuwa na kamba. Akachukua kisu. Alikata kwa pigo moja, macho wazi, akipiga ukelele ambao pale Kilimani lazima waliusikia na kusema, huyo kama Sikudhani, hajabadilika. Fundo lilianguka majini. Alilifuata kwa mkono, akalikosa, likazama kwenye unga.

Punda akavuta pumzi. Sijawahi kusikia sauti kubwa kama ile, wala siwezi kuieleza. Akainuka, akajitikisa, akarusha teke lililopasua ukingo wa tangi letu, akatutazama. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema wenye hekima. Ningependa kuwaona wenye hekima hao wamefungwa hapo, kisha tusikilize shukrani zao.

Sikudhani alilia kwa sauti mpaka sauti ikamwisha. Baadaye akanirudishia kisu, akafikiri, akakichukua tena. "Huyo mbwa kwenye paa lile," akasema. "Lipeleke tangi pale."

Tulikata. Alikata yeye zaidi kuliko mimi. Ng'ombe wa kina Mwanaharusi, mbwa wawili, ndama, mbuzi, paka aliyefungwa kwenye kitasa na mtu aliyempenda kupita kiasi. Walioweza kuogelea waliogelea, wasioweza tuliwapakia, na Mtachoka alitangulia, kwa kuwa punda anajua pa kukanyaga. Hatukumwongoza. Hakukuwa na cha kumshikia. Tulipotoka majini kuikabili njia ya Kilima tulikuwa kundi, na kwa mara ya kwanza tangu upepo niliona kivuli changu kimesogea.

Lango lilikuwa limefungwa. Ndani yake walisimama watu wa Kilima, wote, vibakuli mkononi, na mbele yao Chande na askari. Bi Fatu aliletwa, amejifunika shuka la homa. Alimwona mbuzi wake. Nilimwona anamwona. Mbuzi akalia, na Bi Fatu akainua mkono, kisha akautazama upande wa shingo ya mbuzi, ilipokuwa tupu, akaushusha mkono.

"Bi Fatu," nikamwita. "Ni wako. Mzima huyu."

"Si wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Wangu alikuwa na fundo."

Kipaza sauti kikakoroma. Sauti laini ikasema kwamba Kilima kimepokea kwa furaha wanyama wake wapya. Tausi mmoja alipita katikati ya watu, na watu wakampisha.

Askari alisogea kwenye nondo. Hakuwa na ubaya usoni, alikuwa mtu aliyepewa maneno ya kusema. "Mama, wewe peke yako Mlezi amekuonea huruma. Kamba uliyokata ni ya nyumba yako mwenyewe, si ya mtu. Mfunge punda wako fundo la nyumba yenu, hapahapa tukiona, atakuwa wako na utaingia. Hao wengine waache. Na Kombo abaki huko." Akapitisha kamba mpya katikati ya nondo, kamba ya mkonge, ndefu, inanukia ghala.

Sikudhani aliipokea. Aliipima kwa mikono, akaikunja, akaikunjua. Mtachoka alisimama kando yake, shingo ikiwa na duara la nyama nyekundu, na alipoiona kamba hakukimbia. Alishusha kichwa. Alikishusha mwenyewe, bila kuambiwa, akakileta mpaka mikononi mwa Sikudhani, na hapo nilitamani dunia yote izame tena na safari hii isibakize kilima.

"Hapana, mama," Sikudhani akamwambia punda, akamsukuma kichwa taratibu. "Si wewe."

Kisha akaipitisha kamba kwenye pete za milango miwili ya lango. Askari alidhani anataka kumfunga punda pale langoni, akawa anatikisa kichwa kumhimiza. Sikudhani alifunga. Alifunga fundo la nyumba ya Mbaruku, na juu yake fundo, na juu yake fundo, kwa bidii yote aliyofundishwa, akakaza kwa goti, akatema mate juu yake ili likilowa lizidi kukaza. Alipomaliza aligeuka akaanza kuteremka kwa njia ya nje inayozunguka nyuma ya Kilima, ile inayokwenda kwenye nchi kavu tusiyoijua, na punda akamfuata, na wengine wakafuata punda. Mbuzi wa Bi Fatu alikuwa wa mwisho kuondoka.

Mimi nilibaki kidogo, kwa sababu nilitaka kuona. Askari alisukuma lango, halikufunguka. Alisukuma na wenzake. Kipaza sauti kiliuliza kuna nini. Watu walisogea mpaka wakabanana kwenye nondo, wakilitazama fundo, kisha wakamtazama Chande, kwa kuwa kisu chake cha kukatia majani kilikuwa kiunoni, na kamba iko mbele yake, na mkono wake unafika.

Chande aliutoa mkono nje, akaligusa fundo kwa ncha ya kidole, akaurudisha haraka.

"La kwa kina Mbaruku hili," akawaambia wenzake. "Kaeni chini. Tumsubiri mwenyewe."

Wakakaa.